Mbuzi ya Wahida

Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, na muda wote huo watu wanaingia na kutoka, wanamletea chakula, wanamtazama kama amelala, kama amekula. Mwanamume akifiwa na mke hupewa siku tatu za matanga, na siku ya nne anaulizwa ataoa lini. Mimi niliulizwa siku ya pili, mlangoni, na mtu aliyekuwa bado ameshika sahani ya pilau yangu. Nilimpa jibu ambalo si la kuandikwa hapa, na tangu hapo Waswahili wa Riyadh wamenipunguzia ziara.

Kwa hiyo simlaumu mtu. Naitwa Hamdan Mbarouk, nina miaka sitini na tatu, nimestaafu kazi ya ofisi, na ninaishi peke yangu katika fleti ya vyumba vitatu mtaa wa Shumaisi. Mke wangu Wahida alifariki mwaka jana. Mtoto wetu ni mmoja, Wafaa, ameolewa Jeddah, anakaa Baghdadiyah, karibu na pale nilipokulia mimi. Hunipigia simu kila siku baada ya Alasiri. Tunaulizana hali, tunaambizana tumekula nini, kisha tunanyamaza, kisha anasema mtoto wake analia. Siku nyengine nasikia kabisa kwamba mtoto halii.

Nguo za Wahida zilitolewa sadaka kabla ya arubaini, kama ilivyo ada. Walikuja wanawake wanne, wakafungua makabati, na baada ya saa mbili hakukubakia kitu humo ila harufu ya udi, nayo haikukaa. Jikoni hawakugusa. Mmoja wao aliiona mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani, mguu wake mmoja umefungwa kwa kipande cha kanga, akatabasamu. Akauliza, "Hii nayo bado mnayo?" Nikamwambia tunayo. Nilisema "tunayo" kwa mazoea.

Mbuzi ile aliichonga baba yangu, Mzee Mbarouk, seremala aliyetoka Unguja mwaka wa sitini na nne na mke, watoto wawili na sanduku la vifaa. Alifungua karakana Baghdadiyah, na mimi nilianza kushika randa nina miaka minane. Alinifundisha kuchonga, kupiga patasi, kuunga mbao bila msumari. Nilipofika ishirini nikamwambia kwamba useremala ni kazi ya waliofeli shule, nikaenda zangu Riyadh kukaa chini ya kiyoyozi. Yeye aliipangusa patasi aliyokuwa nayo mkononi, akaitia sandukuni, akafunga.

Nilipooa, zaidi ya miaka minane baadaye, hakunipa mimi zawadi. Alimpa Wahida. Ilikuwa mbuzi ya msaji, ya kukunja, haina chuma hata kidogo ila ule ulimi wenye meno. Akamwambia mbele yangu, "Hii yako, mwanangu. Mumeo hana haja nayo, yeye siku hizi anakula karatasi."

Wahida aliikalia miaka thelathini na minne. Kila Ijumaa, kila siku ya Ramadhani, kila tukipata mgeni. Tui la kopo alilikataa kabisa, akisema ni maji ya kusuzia sufuria. Alikuwa akikaa upande, kwa sababu goti lake la kulia lilikuwa linamuuma, na kila akimaliza kukuna alipangusa mikono yenye mafuta ya nazi kwenye ubao ule ule aliokalia. Nilimwambia mara nyingi kwamba ni uchafu. Aliniambia niende nikale karatasi.

Mguu ulipasuka miaka minane kabla hajafa. Akaufunga kwa kipande cha kanga kuukuu, akanijia sebuleni.

"Mtoto wa seremala weye, lini utanitengezea mbuzi yangu?"

"Wiki ijayo. Sina vifaa."

Akaniuliza tena baada ya mwezi, na baada ya mwaka. Mwisho ikawa ni utani wetu. Mtu akija kwetu, Wahida humwambia, "Mume wangu seremala, lakini hana vifaa," na sote tunacheka. Sikujua kwamba ninacheka na deni. Vifaa ningeweza kununua siku yoyote niliyotaka, maduka yapo na mshahara ulikuwepo.

Mwezi wa tatu mwaka huu Wafaa alinipigia simu kabla ya Alasiri, nikashtuka.

"Baba, mwaka unatimia. Nataka tumsomee mama hitma hapa kwangu. Nitapika wali wa nazi mwenyewe."

"Inshallah, mwanangu."

"Uje na mbuzi yake. Ilete hivyo hivyo ilivyo. Nataka niikalie mie nikune."

"Hivyo hivyo ilivyo itakuangusha. Mguu umefungwa kwa kitambaa."

"Mama haikumwangusha. Ilete tu, baba, usijitaabishe."

Neno hilo la "usijitaabishe" lilinichoma. Nililisikia kama wanavyosema watu kwa mzee ambaye hawatazamii tena kitu kutoka kwake. Hitma ilikuwa baada ya wiki tano. Nikasema moyoni, utaona kama baba yako hajitaabishi.

Ningekwenda Dirah, kwenye vijiduka vya nyuma ya soko, ningepata patasi, gundi na msumeno wa mkono kwa bei ya chakula cha mchana, na kazi yenyewe haikutaka zaidi ya hayo. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane ya "sina vifaa" shingoni, na nilitaka mara hii niwe sina kisingizio hata kimoja. Nikaenda duka kubwa la mashine, lile ambalo vitu vimefungiwa ndani ya vioo kama dhahabu.

Muuzaji alinisikia nikinung'unika bei kwa Kiswahili.

"Ai! Mzee, shikamoo! Wewe ni wa Mombasa?"

"Marahaba. Mimi wa Unguja wa Jeddah."

"Mimi naitwa Ian, wa Nakuru. Sasa mzee, unatafuta nini?"

Nikamweleza kwamba niliwahi kuwa seremala miaka arubaini iliyopita, na sasa narudi. Hakucheka. Alinitazama mikono, kisha akanipeleka kwenye mashine za Kijerumani.

"Ukirudi kwa hii kazi, mzee, usinunue takataka. Utanunua mara tatu. Nunua kitu poa mara moja. Hii betri inaingia kwa zote, msumeno, drili, hata mashine ya msasa. Hazina kelele, majirani hawatakusumbua."

Rahisi ghali, hata wazee wetu walisema. Nikanunua msumeno. Siku ya tatu nikarudi nikanunua drili. Wiki iliyofuata nikarudi tena, nikanunua mashine ya kukata mitaro ambayo mpaka leo sijaitoa ndani ya sanduku lake. Wacha niseme kweli: niliinunua kwa sababu siku ile, tangu Alfajiri mpaka saa kumi jioni, hakuna mtu aliyekuwa amenisemesha, na Ian alikuwa akinisemesha. Alinieleza habari za mama yake na za kafili wake, mdhamini wake wa kazi, aliyemnyima likizo mara mbili. Mimi nilimweleza habari za Wahida. Akija bosi wake tunaanza kuzungumza habari za betri.

Mara ya nne akanionesha mashine ya msasa. Ndogo, inaenea kiganjani, ina mfuko mweusi nyuma.

"Hii ndiyo mwisho wa maneno, mzee. Ubao unakuwa laini kama shavu ya mtoto. Na vumbi yote inaingia kwa huu mfuko. Hakuna kitu inapotea."

Nikaitoa kadi ya benki kabla hajamaliza.

Chumba cha zamani cha Wafaa nikakifanya karakana. Nilivunja mbao mbili tatu za mazoezi, nikajikata kidole gumba, nikatukana kwa lugha mbili. Siku ya nne mikono ikakumbuka. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimeshika mashine ambayo baba yangu hakuwahi kuiota, lakini jinsi ya kusimama, mguu wa kushoto mbele, jinsi ya kuusikiliza ubao kabla ya kuukata, hayo yalikuwa yake, na yalikuwepo yananingoja. Nilifurahi. Ilikuwa furaha ya kweli, ya kwanza tangu msiba, na nikaona haya kwamba hakuna wa kumwita aje atazame.

Mguu uliopasuka niliutoa, nikatengeneza mwengine kwa msaji, nikauingiza mahali pake bila msumari. Ulikaa. Nikafungua, nikakunja, nikakaa juu yake mzima mzima na kilo zangu tisini. Haikutingishika. Kile kipande cha kanga nilichokifungua nikakitia mfukoni.

"Haya, Wahida," nikasema kwa sauti. "Mtoto wa seremala huyo."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye bahati. Lakini mguu mpya ulikuwa na rangi ya asali, na ubao wa kukalia ulikuwa mweusi, wenye mafuta na madoa. Vikawa havipendezi pamoja. Nikafikiria hitma, wanawake wote wa Baghdadiyah jikoni kwa Wafaa, na nani atasema nini. Na mashine ya msasa ilikuwa pale mezani, haijafanya kazi hata siku moja, betri imejaa.

Nikaiwasha. Ian hakusema uongo, haina kelele. Nilipita nayo mara moja, nikaona msaji unatoka chini ya weusi, mwekundu, mpya kama siku ulipochongwa. Nikapita tena, na tena, nikawa napiga mluzi. Dakika mbili hazikufika. Kisha nikazima, nikapitisha kiganja kama alivyonifundisha baba, kuangalia kama ubao umenyooka.

Ulikuwa umenyooka.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kabla ya hapo haukuwa umenyooka. Ubao ule ulikuwa na bonde. Bonde dogo, limeegemea upande wa kushoto kwa ajili ya goti linalouma la kulia. Nililiona miaka yote bila ya kuliona. Wahida alilichimba kwa kukaa, Ijumaa baada ya Ijumaa, na ule weusi niliouita uchafu ulikuwa ni mikono yake. Nguo zake zilikwishakwenda. Sauti yake sikuirekodi. Katika dunia nzima palikuwa pamebaki mahali pamoja tu penye umbo la mke wangu, na mimi, kwa mashine bora kuliko zote madukani, nimepafuta.

Niliupigapiga ule ubao kwa kiganja kama anayetafuta kitu gizani, na ilikuwa ni adhuhuri. Kisha nikaufungua ule mfuko mweusi. Ulikuwa umejaa unga laini wa rangi ya kahawa. Nikaunusa. Ulinukia nazi, nazi ya siku nyingi, na jikoni kwetu. Nikakaa chini sakafuni, nikalia mpaka nikapata kwikwi. Wafaa alipiga simu baada ya Alasiri, sikupokea.

Nilikwenda Jeddah kwa gari. Ulimi ule wenye meno hauwezi kupanda ndege nami kitini, na kwa kweli sikutaka kufika haraka. Saa kumi za jangwa, na mbuzi kwenye kiti cha mbele pembeni yangu, kwa sababu sikuweza kuitia kwenye buti. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno. Nilijiambia nitamwambia kabla hajaiona. Nilijiambia nitasema ubao ulikuwa umeoza. Nilipofika Taif nilijiambia labda hataona.

Wafaa alinipokea, akanibusu mkono, akaichukua mbuzi kabla sijafungua mdomo. Akaifungua katikati ya jikoni. Walikuwepo wanawake watano sita wakichambua mchele, wote wakapiga yowe la furaha.

"Mashallah! Kama imetoka dukani!"

"Baba'ko kairudia kazi ya babu yako!"

Wafaa aliinama, akapitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, mara mbili. Mara ya pili mkono ulielekea upande wa kushoto na ukasimama pale. Kumbe yeye alikuwa akijua siku zote. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa jikoni na mama yake wakati mimi niko sebuleni na gazeti.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, "pako wapi pake?"

"Nimepapiga msasa."

"Nilikwambia uilete hivyo hivyo."

"Wallahi, mwanangu, sikukusudia. Nilitaka ipendeze."

Akanitazama. Ningependa angenipigia kelele. Mimi kelele nazijua, nazijibu. Badala yake alivuta sinia, akakaa juu ya mbuzi, akatia nazi kwenye meno, akaanza kukuna. Alikuna nazi kumi na mbili akiwa amenipa mgongo. Mara kwa mara alijisogeza, kwa sababu ubao ulikuwa unateleza.

Hitma ilisomwa, watu wakala, wali ukasifiwa. Wazee wa Baghdadiyah walinizunguka, wakanipa hongera ya vifaa, huyu ana kabati la mkewe linataka fundi, yule ana kitanda kinalia. Niliwaitikia wote inshallah. Nilikuwa nimekaa mahali nilipokulia, nimezungukwa na watu wanaonijua mpaka jina la bibi yangu, na sijawahi kuwa peke yangu kama siku ile.

Asubuhi nilipokuwa naondoka, Wafaa alinifuata garini. Alikuwa ameifunga mbuzi ndani ya kanga.

"Rudi nayo."

"Nimekuletea wewe. Ulinitaka niilete."

"Mie nilitaka kukaa pale alipokaa mama. Pale hapapo tena." Hakusema kwa hasira, na hakusema kwa huruma. "Sasa ubao ni mtupu. Ichukue wewe, uikalie."

"Mwanamume na mbuzi, Wafaa?"

"Kwani vifaa unavyo, baba, kazi huna. Ikalie."

Nikatoa mfukoni kile kipande cha kanga, nikampa. Alikitambua. Alikishika kwa mikono miwili, akaingia ndani bila kungoja niwashe gari.

Basi ndivyo. Kila Ijumaa baada ya sala nashuka hadi duka la Mmalayali, Mhindi wa Kerala, chini ya jengo letu, nanunua nazi moja, napanda nayo. Naivunja, nakaa juu ya mbuzi, magoti yananipanda mpaka kidevuni. Wiki za mwanzo nilikuna vidole zaidi ya nazi. Nazi moja ni nyingi kwa mtu mmoja. Nusu naila na wali wangu, nusu inaharibika kwenye friji. Nikimaliza napangusa mikono palepale kwenye ubao.

Mashine zangu nazitumia. Nimemtengenezea jirani mlango, nimemchongea mjukuu wangu farasi wa kupanda, na Wafaa akanitumia picha ya mwanawe amempanda, bila maneno, nikaitazama siku nzima. Ila mashine ya msasa siitumii. Mfuko wake bado umejaa unga ule, haivuti tena, na kuumwaga siwezi. Juzi Ian alinipigia kuulizia.

"Mzee, ile mashine ya msasa iko poa? Ikikusumbua ilete, bado iko na garanti."

Nikamwambia haina tatizo lolote. Nikamwambia ni kama alivyosema, hakuna kitu kinachopotea.

Baada ya simu nilikwenda jikoni, nikapitisha kiganja juu ya ubao, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Wahida alihitaji miaka thelathini na minne, na mimi nina sitini na tatu. Bado pako sawasawa.